Itumba kwa Njia za Miguu

Malori huanza kupanga foleni mbali kabla ya Tunduma. Yanayokwenda Zambia na Kongo yamebeba mafuta, mbolea na saruji. Yanayorudi yamebeba shaba kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019, reli ya TAZARA inapita hapo tangu miaka ya 1970, na wabadilisha fedha wanasimama kandokando ya barabara wakihesabu kwacha na shilingi. Ukimtajia Mtanzania wa Dodoma au Tanga mkoa wa Songwe, picha inayomjia ni hiyo. Mkoa wenyewe bado mchanga. Ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakawekwa Vwawa, na hadi leo wapo wanaouita Mbeya kwa mazoea.

Kabla hujafika Tunduma, pale Mpemba, kuna barabara inayokata kushoto. Inashuka Ileje, wilaya iliyobanwa kwenye kona ya nchi kati ya Malawi na Zambia, na makao makuu yake ni Itumba. Nilikwenda huko mwishoni mwa Juni. Mvua zilikuwa zimekwisha, mahindi yamekauka shambani, kahawa imeanza kuwa nyekundu. Nilitaka kutembea kwa miguu, kwa njia zile zile wanazopita wenyeji kwenda shambani, gulioni, kanisani na mtoni. Hakuna aliyezichonga kwa ajili ya mtalii, wala hazina vibao. Zinajulikana kwa miti, kwa majumba ya watu na kwa mashina ya migomba, na anayetaka kuzifuata hana budi kuuliza. Ndiyo raha yake: kila kona unasalimiana na mtu.

Ndolezi

Kwanza nilipitia Ndolezi, wilayani Mbozi, penye kimondo, kwa sababu tarehe 30 Juni ni siku ya vimondo duniani. Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe hiyo mwaka 2016 kukumbuka mlipuko wa Tunguska, Siberia, wa mwaka 1908, na watu wa Songwe, wenye kimondo chao, hawaiachi ipite bure. Kwenye mteremko wa kilima cha Marengi limekaa donge la chuma lenye urefu wa meta 3 na ushee. Uzito wake unakadiriwa kuwa kati ya tani 12 na 16. Takriban asilimia 90 ni chuma, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nikeli. Uso wake umejaa vibonyeo, kama udongo wa mfinyanzi uliobonyezwa kwa vidole gumba kabla ya kuchomwa. Asubuhi ya Juni ukiliwekea kiganja, ubaridi unapanda hadi kwenye kiwiko.

Mpima ardhi aitwaye W. H. Nott ndiye aliyekitia kimondo hiki katika kumbukumbu za serikali ya kikoloni mwaka 1930. Wakati huo sehemu ya juu tu ndiyo iliyokuwa nje ya ardhi. Pakachimbwa kukizunguka, udongo wa chini yake ukaachwa usimame kama nguzo na kuimarishwa kwa saruji, ndiyo maana leo kinaonekana kimewekwa juu ya kiti. Wanyiha walikijua zamani kabla ya mpima ardhi huyo. Na Wanyiha hawakuwa wageni wa chuma: walisifika kwa uhunzi, wakiyeyusha mawe ya chuma kwenye matanuri marefu ya udongo na kufua majembe. Pamoja na ufundi wote huo, donge hili walilipita pembeni na kulihifadhi. Mimi naona hapo kuna heshima inayostahili kusimuliwa kwa kila mtoto anayeletwa Ndolezi kwa basi la shule.

Nao walikuwa wengi siku hiyo, watoto kwa walimu wao, wakibanana kupiga picha. Eneo sasa linasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, na palikuwa na uzio, vibanda na njia iliyofagiwa. Nje ya uzio akina mama waliuza magimbi ya kuchemsha, chai na mahindi ya kuchoma, na biashara ilikwenda vizuri.

Mpemba

Kesho yake, Mpemba, nilikutana na mwenyeji wangu. Ni mzaliwa wa Itumba, mkulima wa makamo, mtu wa kusema polepole na kutembea haraka. Alikuwa amekuja kununua mbolea ya mashamba ya bondeni. Badala ya kupanda gari moja kwa moja, alinichukua kwanza sokoni.

Msimu wa uyoga ulikuwa umepita, lakini mkavu ulikuwepo, umepangwa kwa mafungu juu ya turubai. Uyoga ndio mazao ya kwanza ya mwaka katika nchi hii ya miombo. Mvua ikianza Novemba, kufikia Desemba akina mama na watoto wanaingia porini alfajiri na ndoo, na kufikia saa tatu ndoo hizo zimepangwa kando ya barabara kuu. Siri yake iko chini ya ardhi. Miti ya miombo na aina nyingi za uyoga huishi kwa kutegemeana: nyuzi za uyoga huizunguka mizizi na kuipatia maji na madini, nao mti huulipa uyoga kwa sukari. Ukikata miti, uyoga nao unakwenda. Wanasayansi Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, wakiwa na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walizunguka Tanzania wakiwauliza wanavijiji majina na mapishi yake, na mwaka 2003 wakatoa kitabu kizima. Upo pia ule unaoota kwenye vichuguu, unaopaliliwa na mchwa wenyewe. Aina moja, iliyoelezwa kisayansi kutoka Zambia mwaka 1980, hukuza kofia inayoweza kufikia upana wa meta moja. Mtoto akiubeba juu ya kichwa huhitaji kumuuliza kama anaona mvua.

Mwenyeji wangu alinionyesha kitu kingine: mkate wa kahawia, mgumu kidogo, unakatwa kwa kisu na kuuzwa kipande kipande. Ndiyo chikanda, chakula kipendwacho sana ng'ambo ya Nakonde. Hutengenezwa kwa viazi vidogo vya okidi vilivyokaushwa na kutwangwa, vikapikwa na unga wa karanga na pilipili. Ladha yake ni ya karanga na moshi, na nakiri kwamba ni tamu. Lakini utamu huo una gharama. Okidi za Zambia zilipopungua, wachimbaji waligeukia nyanda za juu za Tanzania, hasa Makete, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 viazi vilivyokuwa vikivushwa kupitia Tunduma vilikadiriwa kwa mamilioni kila mwaka. Biashara hiyo ilikuwa moja ya sababu za kuanzishwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwaka 2005. Okidi ikishachimbwa kiazi haichipui tena. Nilikula kipande kimoja, nikanunua uyoga.

Itumba

Kutoka Mpemba hadi Isongole ni lami, kilometa 50 hivi. Waliopita zamani wanasimulia safari za kushinda njiani masika, gari limezama hadi mlangoni, abiria wanasukuma. Sasa unafika Itumba chai ya chupa ikiwa bado ya moto. Mji ni mdogo: ofisi za halmashauri, hospitali, maduka ya mbolea na mabati, vijana wa bodaboda chini ya mti. Vilima vinauzunguka pande zote, na kila kilima kina mstari mwekundu unaopanda kwa kupindapinda. Mistari hiyo ndiyo niliyoijia.

Tulianza kupanda alfajiri iliyofuata. Ardhi ilikuwa ngumu, umande umelala kwenye nyasi hadi magotini. Sehemu ya kwanza ni mashamba: mahindi yamevunjwa na kulazwa, maharage yameng'olewa na kuwekwa juu ya paa la nyumba yakauke. Juu zaidi mashamba yanaisha, unaingia kwenye miombo yenyewe, mitundu, miyombo na mininga, matawi yamekutana juu na chini pakavu panalia chini ya viatu. Hapo mwenyeji wangu alianza kunisomea mwaka.

Mti huu msuku, alisema. Novemba na Desemba chini yake hapapitiki kwa watoto, maana masuku huiva na kuanguka, na anayewahi ndiye anayekula. Pale kwenye mwamba mizinga mitatu ni ya kaka yake. Njia ile inayoshuka kulia ni ya Machi na Aprili, kwa sababu ya chini hufunikwa na maji. Septemba njoo, aliniambia, uone miti ikivaa: kabla tone la mvua halijadondoka miombo hutoa majani mapya yenye rangi ya shaba na damu ya mzee, kilima kizima kinawaka bila moto. Moto wenyewe ndio anaouogopa, ule wa Agosti unaowashwa na wawindaji wa panya au na mtu anayesafisha shamba, ukapandishwa na upepo. Kijijini kwao zamu ya kufyeka njia ya moto ipo kila mwaka, na asiyetokea hulipa faini.

Kazi za pamoja za namna hiyo huitwa msaragambo, na ndizo zinazozifanya njia hizi ziendelee kuwa njia. Tulikuta moja ikiendelea. Watu kama thelathini, wanaume kwa wanawake, walikuwa wakirekebisha kidaraja cha miti kabla ya shule kufunguliwa: wengine wanachonga magogo, wengine wanapitisha mawe mkono kwa mkono, bibi mmoja amekaa kando na sufuria la togwa. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibu, mawe bado yapo." Nikaingia kwenye mstari. Mawe ya mtoni ni mazito kuliko yanavyoonekana, na togwa ya ulezi baada yake haina mfano.

Jioni uwanja wa shule ulijaa. Kiangazi ni msimu wa kombe la mbuzi: vijiji vinacheza mpira wiki baada ya wiki, na zawadi yenyewe, mbuzi wa kweli, imefungwa kwenye goli la mashariki ikila majani. Siku hiyo ilikuwa nusu fainali. Mzee mmoja alinieleza kwa makini historia ya kila mchezaji, baba yake na timu aliyochezea baba yake. Waliposhinda wageni, mashabiki wao walirudi kwao kwa miguu wakiimba, na tuliendelea kuwasikia wakipanda kilima giza likiwa limeingia.

Isongole

Upande wa pili ni Malawi. Mto Songwe ndio mpaka, na umekuwa mpaka tangu Waingereza na Wajerumani walipotia saini mkataba wao tarehe 1 Julai 1890. Waliotia saini hawakuwa wameuona. Walambya, ambao nchi yao iko kingo zote mbili, walijikuta wa serikali mbili kwa kalamu moja. Chifu wao Mwaulambia ana kiti chake upande wa Chitipa, na koo ni zile zile. Kule ng'ambo, juu ya vilima vya Misuku, wako Wasukwa, ndugu wa Wandali wa huku. Siku ya gulio, hilo huonekana bila kuelezwa. Vitenge kutoka Malawi, sabuni na ndala kutoka Tanzania, salamu kwa Chilambya, Chindali na Kiswahili, na bei zinatajwa kwa fedha mbili kwa pumzi moja.

Nchi hii imepitiwa na wengi. Misafara ya Waswahili ilikatiza hapa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika kutafuta pembe na watumwa. Mfanyabiashara mmoja wao, Mlozi bin Kazbadema, alijenga ngome zake karibu na Karonga, akapigana na kampuni ya Waingereza kuanzia 1887, na mwaka 1895 akashikwa na kunyongwa. Mapema muongo huo huo wa 1880 kampuni hiyo ilikuwa imeanza kuchonga barabara ya Stevenson, iliyopewa jina la tajiri wa Glasgow aliyetoa fedha, ili kuyaunganisha maziwa hayo mawili. Haikukamilika. Novemba 1918 askari wa kamanda wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, walipita magharibi ya hapa wakishambulia Fife, karibu na Nakonde ya leo, siku chache kabla ya habari za kusitishwa vita kuwafikia kwenye mto Chambeshi. Wapagazi walioyabeba hayo yote vichwani mwao walipita njia za miguu, na nadhani baadhi ya hizi tunazokanyaga ni zao.

Tulishuka mtoni asubuhi. Julai Songwe huwa mpole, maji yanafika kwenye goti, mawe yanaonekana chini. Wanawake walikuwa wakifua, na kwenye kingo zote mbili kulikuwa na bustani za kiangazi: nyanya, kabichi, vitunguu, chainizi. Masika mambo ni mengine. Mto huu hubeba udongo kutoka milima yote ya Ileje, na huko chini, kwenye tambarare ya Kyela, ukifurika umewahi kuhama mkondo wake na kuwaacha watu wa nchi moja ng'ambo ya pili. Ndiyo sababu Tanzania na Malawi zina kamisheni ya pamoja ya bonde la Songwe, makao yake yakiwa Kyela.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu kingo, ndani ya meta 60 kutoka kwenye mto. Bustani nyingi tulizozipita ziko ndani ya meta hizo. Ni rahisi kwa mgeni kunyoosha kidole, lakini mama mwenye tuta la nyanya pale ndiye anayelipia sare za shule kwa tuta hilo, na Agosti hana maji mengine. Niliyoyapenda ni yale niliyoyaona hatua mia mbili juu: kikundi cha vijana kimepanda mivumo na matete kwenye ukingo na kuvuta maji kwa mpira hadi kwenye shamba lililo mbali. Nyanya zao hazikuwa mbaya. Jambo kama hilo linahitaji mpira wa bomba na mtu wa kilimo anayefika mara kwa mara, na natamani wilaya iliweke mbele kuliko kibao chochote cha makatazo.

Undali

Kutoka hapo tulielekea mashariki, na nchi ikasimama wima. Undali ni milima juu ya milima, na mashamba yamebandikwa kwenye miteremko ambayo ng'ombe angefikiria mara mbili. Kafule, Luswisi, Ngulilo, Sange: kila kata ina mabonde yake, na kutoka moja kwenda nyingine njia fupi ni ya miguu tu. Hewa ina unyevu, migomba imeshika kila mfereji, na chini ya kivuli chake kuna kahawa.

Tulilala kwa familia moja yenye shamba la ekari mbili hivi. Shule zilikuwa zimefungwa, watoto wako nyumbani, na Julai mikono ya watoto ina kazi. Unachuma kahawa nyekundu tu, tunda moja moja, ukiacha za kijani zisubiri zamu nyingine. Jioni zinamiminwa kwenye mashine ya mkono. Baba anazungusha gurudumu, maganda yanatoka huku, punje zenye utelezi zinaangukia kwenye ndoo kule. Zinalazwa usiku hadi utelezi uoze, zinaoshwa mpaka ukizikamua zinakwaruza, kisha zinaanikwa kwenye vichanja vya matete. Binti mdogo wa nyumba hiyo alikaa kichanjani tangu asubuhi akitoa zilizokatika na zilizotobolewa, moja moja, bila kutazama pembeni. Punje moja mbovu, alinieleza kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake, inaharibu kikombe kizima. Kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI kipo Mbimba, Mbozi, na miche yake inayostahimili chulebuni na kutu ya majani imefika hadi huku. Baba wa nyumba alinionyesha mistari minne ya miche hiyo kwa fahari, halafu akanipeleka kwenye mibuni ya babu yake, ambayo hataki kuing'oa.

Chakula cha usiku kilikuwa ndizi zilizopikwa na maharage, mboga ya maboga iliyoungwa kwa karanga, na maziwa ya mgando. Baadaye wazee walikuja na kimpumu. Ni pombe ya ulezi: chachu inawekwa kwenye chungu, maji ya moto yanaongezwa, na kila mtu ananyonya kwa mrija wake kutoka chungu kimoja. Inakatwa maji tena na tena hadi ladha iishe, na mazungumzo hudumu kadiri ya chungu. Monica Wilson, aliyeandika mwaka 1958 kitabu kuhusu watu wa ukanda huu wa kati ya Nyasa na Tanganyika, aliwaweka Wandali jirani na Wanyakyusa kwa lugha na desturi. Wazee hao walikubali ujirani. Ukubwa wa nani kwa nani waliuacha chunguni.

Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na huku Undali kituo chao ni Isoko, penye kanisa na hospitali. Njia ya kwenda Isoko Jumapili ni ya kipekee: watu wanatoka kwenye kila bonde, viatu mkononi hadi mto wa mwisho, wanavivaa wakishavuka. Mwenyeji wangu, ambaye ni mpiga tarumbeta, alisema aliyekuja Julai amekosa siku kubwa. Pasaka, mvua zikiwa zimeshiba, waumini huamka gizani na kukusanyika makaburini. Usiku wa kuamkia hapo makaburi yamepaliliwa na kupambwa maua. Matarumbeta yanaanza mashariki inapopauka, na wimbo wa ufufuko unaimbwa katikati ya waliolala. Wamoravian hufanya hivyo popote walipo duniani tangu karne ya 18, lakini sina shaka kwamba milima hii inawaitikia kuliko mingine.

Kutoka mgongo wa juu wa Undali, kukiwa wazi, mlima Rungwe unaonekana kaskazini-mashariki, meta 2,960 kwenda juu. Huo nao una habari yake ya njia za miguu. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakizunguka kwenye misitu yake walisikia kutoka kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za kima mwenye aibu aitwaye kipunji. Wakaanza kumtafuta, wakampata, mwaka 2005 wakamtangaza kwa ulimwengu, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe. Mnyama mkubwa namna hiyo alikuwa hajulikani kwenye kitabu chochote, ilhali wanaopita msituni kila wiki walikuwa wakimwita kwa jina. Ndiyo maana nakereka nikisikia njia kama hizi zikiitwa hazijagunduliwa.

Lakini zinapotea. Pale ambapo bodaboda zinafika, watu wameacha kutembea, na ni haki yao, mzigo wa mahindi si mwepesi. Njia isiyokanyagwa misimu miwili inamezwa na mikaratusi, kwa sababu kila mwenye kiwanja anapanda mbao za kuuza, hadi juu ya chemchemi. Mzee mmoja wa Luswisi alituonyesha chemchemi iliyokauka katikati ya mikaratusi ya jirani yake. Haikuwa hadithi ya zamani, bomba la mwanzi lililokuwa likitiririsha maji bado limechomekwa ukingoni. Serikali ya kijiji imeamua miti hiyo ivunwe na ipandwe mivumo na mizambarau. Mvumo mmoja ulikuwa umeshika, urefu wa kiuno.

Umalila

Barabara ya Isongole, Shigamba hadi Mbalizi inapanda hadi ufikiri haitashuka tena. Ukivuka meta 2,000 migomba inabaki nyuma, kahawa nayo inabaki nyuma, na unaingia kwenye nchi ya ukungu, misindano na viazi mviringo. Ibaba ni kata ya Ileje, lakini kwa hali ya hewa na kwa watu wake ni Umalila. Asubuhi tuliyoamka huko majani yalikuwa meupe kwa jalidi. Watoto walikuwa wakiota moto wa vigunzi nje ya jiko, na viazi vyenyewe viliokwa humo humo kwenye majivu, vikaliwa na chumvi.

Miteremko yote ni myeupe pia, kwa sababu nyingine. Pareto hutoa maua yanayofanana na ya bustani, kichwa cha njano na petali nyeupe, na sumu yake ya kuua wadudu imo kwenye mbegu za katikati. Wachumaji, wengi wao wanawake, hupita mstari baada ya mstari na kikapu kiunoni, wakirudi kwenye mmea ule ule kila baada ya wiki mbili hivi. Kilo nne au tano za maua mabichi zikikaushwa hubaki moja. Nilijaribu kuchuma. Vidole vinabaki na harufu kali hadi usiku, na mwenzangu wa mstari wa pili, msichana wa kidato cha pili, alikuwa amenipita kwa nusu ya kikapu kabla jua halijapanda. Fedha hiyo, alisema, ni ya daftari.

Juu ya Umalila maji hugawana. Kuna mito miwili yenye jina la Songwe, na wageni huichanganya. Mmoja ni ule wa Isongole: unaingia Ziwa Nyasa, unatoka kwa Shire, unajiunga na Zambezi na kumaliza safari Bahari ya Hindi. Wa pili hutiririka kaskazini hadi Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea, na maji yake huishia hewani. Na ng'ambo ya Zambia, upande wa machweo, unaanza Chambeshi, chimbuko la mbali kuliko yote la mto Kongo, ambao humwaga Atlantiki. Mwenyeji wangu alisimama kwenye njia, mguu mmoja upande huu na wa pili upande ule, akanionyesha mifereji miwili isiyopishana hata hatua ishirini. Ule wa kushoto wa Rukwa, akasema. Ule wa kulia mama yangu huuchota nyumbani.

Tuliagana Shigamba, yeye akirudi Itumba kwa njia ya chini. Fainali ya kombe la mbuzi ilikuwa Jumamosi na alikuwa ameahidi kupiga tarumbeta. Aliniagiza nije Desemba, na buti, na ndoo ya uyoga yangu mwenyewe, kwa maana mkewe haazimishi yake. Lori la viazi lilinichukua hadi Mbalizi. Sokoni pale magunia ya Umalila yalikuwa yakishushwa na kupandishwa kwenye magari ya Dar es Salaam, lumbesa kwa lumbesa, na wabebaji walikuwa wakipigia kelele kila mtu apishe njia.